Mikono Iliyoipa Soul Mlio wa Sitari

Kabla Stevie Wonder hajaanza kuimba "Signed, Sealed, Delivered I'm Yours", kuna ala inayomtangulia. Inapiga kifungu kifupi, kwa sauti kali yenye mkwaruzo, kila noti ikiacha uvumi nyuma yake. Tangu wimbo huo ulipotoka katikati ya 1970, wasikilizaji wengi wamedhani wanasikia sitari ya Kihindi. Lile ni gitaa. Aliyelishika ni Eddie Willis, mzaliwa wa Grenada, jimbo la Mississippi, mmoja wa wapigaji walioajiriwa kwa kazi ya studio katika kampuni ya Motown huko Detroit. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati ya R&B ya Marekani kwa wiki 6. Mnunuzi aliyeigeuzageuza santuri kutafuta jina la mpiga gitaa hakuliona.

Soul ya kuanzia 1968 hadi katikati ya miaka ya 1970 ina mlio huo mahali pengi kuliko watu wanavyokumbuka. Upo kwa Box Tops wa Memphis, upo kwa Freda Payne wa Detroit, upo kwa Delfonics na Stylistics wa Philadelphia. Miji ni mingine, waimbaji ni wengine, watayarishaji nao ni wengine. Kinachounganisha nyimbo hizo ni wapiga gitaa wachache wa kukodiwa: watu walioitwa studio, wakausikia wimbo kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo, na kutakiwa wautafutie kitu cha kuufanya ukumbukwe kabla muda haujakwisha. Wao ndio walioifanya sitari ya umeme kuwa sauti ya mapenzi, na heshima ya kazi hiyo hawajapewa sawasawa hadi leo.

Sitari yenyewe iliingia kwenye muziki wa vijana wa Magharibi kwa mlango wa London. George Harrison wa Beatles aliipiga kwenye "Norwegian Wood" mwaka 1965, na mwaka uliofuata Brian Jones akaipiga kwenye "Paint It Black" ya Rolling Stones. Juni 1967 gwiji mwenyewe, Ravi Shankar, alipanda jukwaani Monterey, California, mbele ya umati wa vijana ambao wengi wao hawakuwahi kumwona mtu akiipiga. Watayarishaji wa Marekani wakaanza kuutaka mlio huo kwenye santuri zao.

Swali likawa nani ataupiga. Sitari ni ala ya kusomea miaka. Mpigaji huketi chini, huvuta uzi pembeni ili kuzipata sauti zilizo katikati ya noti na noti, na ana nyuzi nyingi za kufunga upya kulingana na raga, yaani mfumo wa noti, anayokusudia kupiga. Mpiga gitaa wa studio hakuwa na nafasi hiyo. Kwa taratibu za chama cha wanamuziki wa Marekani, kikao cha kawaida cha kurekodi kilikuwa cha saa 3, na mwenye kampuni alitarajia kutoka na nyimbo kadhaa ndani ya saa hizo.

Aliyelijua tatizo hilo kutoka ndani ni Vincent Bell, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1932. Alikuwa miongoni mwa wapiga gitaa waliotafutwa sana kwenye studio za New York, na alipenda kuchokonoa vifaa. Alikuwa ameshabuni gitaa la nyuzi 12 liitwalo Bellzouki akishirikiana na Danelectro, kiwanda cha Nathan Daniel kilichokuwa Neptune, New Jersey. Danelectro hakikuwa kiwanda cha kifahari. Kilitengeneza magitaa ya bei nafuu yaliyouzwa kupitia maduka ya Sears, na vinasa sauti vyake vilifungwa ndani ya vibomba vya rangi ya mdomo, kwa sababu vibomba hivyo vilipatikana kwa urahisi na vilitosha vizuri. Mwaka 1967, kiwanda kikiwa tayari mikononi mwa kampuni ya MCA, kikatoa kazi ya Bell na Daniel: Coral Electric Sitar.

Ukilitazama kwa karibu, ni gitaa lenye mambo mawili yasiyo ya kawaida. Shingo ni ya gitaa, nyuzi 6 zimefungwa kama za gitaa lolote, na vidole vinakwenda palepale vilipozoea. Siri ya kwanza iko kwenye daraja, kile kipande ambacho nyuzi hupita juu yake karibu na mkono wa kupigia. Kwenye gitaa la kawaida uzi hugusa daraja mahali pamoja tu, ndiyo maana hulia safi. Daraja la Coral ni pana na bapa. Uzi unapotetemeka huugongagonga uso huo, na migongano hiyo midogo ndiyo inayozaa mkwaruzo. Mafundi wa India wamekuwa wakilichonga daraja la namna hiyo vizazi na vizazi, wakiita umbo lake jawari, na kulichonga vizuri ni ufundi wa kujitegemea. Bell na Daniel waliligeuza kuwa kitu ambacho mpigaji anaweza kukirekebisha mwenyewe kwa bisibisi.

Siri ya pili ni nyuzi fupi 13 zilizopangwa upande wa juu wa mwili wa gitaa, zikiwa na kinasa sauti chao. Kwa kawaida hizo hazipigwi. Huachwa zitetemeke zenyewe pale nyuzi kubwa zinapolia, ili kuzungushia noti uvumi mwembamba. Studioni wapigaji wengi hawakuzihangaikia. Kufunga nyuzi 13 upya kwa kila wimbo, saa ikikimbia, ni kazi kubwa kuliko faida yake, na daraja peke yake lilitosha kuleta kilichotakiwa.

Mtu aliyekulia na sitari ya kweli hatadanganyika. Kule kuvuta uzi kwa mwendo mrefu hakupo, zile sauti za katikati hazipo, na raga nzima haiwezi kupigwa humo. Lawama kwamba pop ya Magharibi ilichukua ala ya karne nyingi ikaifanya pambo ina uzito wake, na Ravi Shankar mwenyewe hakuficha kukerwa na namna sitari ilivyokuwa ikitumiwa. Hata hivyo Coral isikilizwe kama ala nyingine kabisa, yenye tabia yake. Msikilizaji wa Mombasa aliyezoea taishokoto kwenye taarab ataujua mara moja ukali ule wa uzi mwembamba uliopitishwa kwenye umeme, unaopenya katikati ya ala zote bila kupandishwa sauti.

Reggie Young ndiye aliyeionyesha Memphis kile kinachoweza kufanywa na gitaa hilo. Alizaliwa Caruthersville, Missouri, mwaka 1936, akawa mpiga gitaa kiongozi wa American Sound Studio, studio ya Chips Moman iliyokuwa namba 827 Thomas Street. Kikosi cha studio hiyo kilipiga kwa Wilson Pickett, kwa Bobby Womack, kwa Dusty Springfield na kwa Elvis Presley. Ule utangulizi mtulivu wa gitaa kwenye "Son of a Preacher Man" ni wa Young.

Mwaka 1968 Box Tops, vijana Wazungu waliokuwa wakiimba soul, walihitaji wimbo mwingine mkubwa baada ya "The Letter", uliokuwa umewapa namba moja. Watunzi Dan Penn na Spooner Oldham walikesha bila kupata kitu. Wanavyosimulia, walikata tamaa wakavuka barabara kwenda kula, Oldham akalaza kichwa mezani akisema anaweza kulia kama mtoto mchanga, na Penn akajua hapohapo kuwa wimbo umepatikana. "Cry Like a Baby" ulifika namba 2. Alex Chilton, aliyeimba, alikuwa na miaka 17. Sikiliza Young anavyofanya: hapigi wakati kijana anaimba mstari, anasubiri mstari uishe, kisha anaingia na jibu fupi la sitari na kujiondoa. Mwaka huohuo alilitumia tena gitaa hilo kwenye "Hooked on a Feeling" ya B.J. Thomas, na hapo akafanya kinyume, akalitanguliza mbele ya kila kitu.

Kungoja huko ndiko kunakomtofautisha mpigaji wa studio na mpigaji wa jukwaani. Jukwaani mpiga gitaa hutaka aonekane. Studioni, anayejaza kila nafasi haitwi tena.

Detroit ilikuwa na utaratibu wake. Motown ilirekodia ndani ya nyumba namba 2648 West Grand Boulevard, kwenye chumba ambacho wapigaji walikiita shimo la nyoka kwa ajili ya nyaya zake. Mara nyingi magitaa yalikuwa matatu kwa mpigo, na kila mtu alijua eneo lake. Robert White ndiye aliyepiga ule utangulizi wa "My Girl" unaojulikana dunia nzima. Joe Messina, mtu wa jazz, alikata midundo ya pili na ya nne kwa ukali. Willis alijaza mianya kwa vionjo vya blues alivyotoka navyo kusini. Kwa pamoja, na wenzao wa besi, ngoma na kinanda, waliitwa Funk Brothers.

Mlio wa sitari ya umeme ulishasikika Motown mwaka 1969 kwenye "No Matter What Sign You Are" ya Diana Ross na Supremes, wimbo wa mambo ya nyota uliolingana na mitindo ya wakati huo. Mwaka uliofuata Stevie Wonder, mwenye umri wa miaka 20, alipewa nafasi ya kutayarisha mwenyewe singo yake, "Signed, Sealed, Delivered". Aliitunga na Syreeta Wright, Lee Garrett na mama yake mzazi, Lula Mae Hardaway. Bob Babbitt akapiga besi, na sitari ya Willis ikawekwa mwanzoni kabisa, mahali ambapo mtayarishaji mwingine angeweka matarumbeta. Hapo mlio ule uliachana na India na moshi wa udi. Ulikuwa umeshakuwa wa kanisani na mtaani, wa watu weusi wa Detroit.

Mji huohuo, mwaka huohuo, ukatoa "Band of Gold" ya Freda Payne. Watunzi Brian Holland, Lamont Dozier na Eddie Holland walikuwa wameondoka Motown na walikuwa na kesi nayo mahakamani, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye santuri, pembeni ya Ron Dunbar, lilikuwa la kubuni: Edythe Wayne. Sitari ya umeme ilipigwa na Dennis Coffey, yuleyule aliyeingiza gitaa la wawa kwenye "Cloud Nine" ya Temptations mwaka 1968. Ray Parker Jr., wakati huo kijana mdogo, alipiga gitaa jingine. Wimbo unasimulia ndoa iliyovunjika usiku wa kwanza, na ule mkwaruzo wa uzi unaupa uchungu ambao violini laini zisingeuweza. Uingereza waliupenda kuliko Wamarekani wenyewe: ulikaa namba moja kwa wiki 6. Coffey alikuja kuwa mmoja wa wachache waliotoka nyuma ya pazia, kwani "Scorpio", kibao chake kisicho na maneno, kiliuza nakala zaidi ya milioni moja.

Nyimbo hizi zilikuwa zikitayarishwa wakati ambapo soul ilikuwa na mashabiki wengi Dar es Salaam, hata Novemba 1969 uongozi wa mkoa ukaupiga marufuku muziki huo kwa hoja kwamba unapotosha vijana na utamaduni wa taifa. Magazeti yakajaa barua za kuunga mkono na za kupinga, baadhi ya waandishi wakihoji kwa nini muziki wa watu wenye asili ya Afrika uhesabiwe kuwa wa kibeberu.

Tukirudi Marekani, aliyeielewa sitari ya umeme kuliko wote alikuwa Philadelphia. Thom Bell, aliyezaliwa mwaka 1943, alisomea piano ya klasiki tangu utotoni na alipanga muziki kwa kalamu na karatasi. Alipenda ala ambazo wenzake wa soul hawakuzigusa: pembe za Kifaransa, obo, timpani. Kwake sitari ya umeme ilikuwa rangi mojawapo ndani ya okestra. Alirekodia Sigma Sound, studio ya Joe Tarsia iliyofunguliwa 1968, ambako wapiga gitaa wa kudumu walikuwa Norman Harris, Roland Chambers na Bobby Eli.

Mlio huo umo kwenye "Didn't I (Blow Your Mind This Time)" ya Delfonics, iliyoshinda tuzo ya Grammy mwaka 1971. Umo kwenye "You Are Everything" ya Stylistics ya 1971, ambapo sitari ndiyo inayofungua mlango kabla Russell Thompkins Jr. hajaingia na sauti yake ya juu. Kisha ukaja "You Make Me Feel Brand New", alioutunga Thom Bell na Linda Creed, uliotoka kama singo mwaka 1974 na kufika namba 2. Wimbo huo, mzee yeyote wa Nairobi au Tanga aliyewahi kuoa kwa muziki wa kaseti anaujua. Mwanzo wake ni wa taratibu mno. Sitari inadondosha noti moja moja, kila moja ikiachwa ififie karibu yote ndipo nyingine ije, na Airrion Love anaanza kuimba kwa sauti nzito ya chini kana kwamba ametafuta maneno muda mrefu.

Kwa nini sauti hii iliwafaa waimba mapenzi? Sababu moja ni ya ufundi. Sauti laini za soul ya Philadelphia, violini, viitikio, pembe, zote zinakaa katikati na zinaweza kumezana. Sitari ya umeme ina noti inayoanza kwa mlio wa ghafla, halafu inabaki ikivuma. Inasikika hata kwenye spika ndogo ya redio ya betri, na miaka ile wimbo ulifia au ulipona hapo. Sababu nyingine ni ya hisia. Uzi unaokwaruza unakaribia sauti ya mtu aliyekabwa na kilio. Gitaa safi ni zuri mno kwa kazi hiyo.

Kuna pia hesabu ya noti. Kwenye nyimbo zote hizi sehemu ya sitari ni fupi kiasi kwamba anayejifunza gitaa anaweza kuinakili jioni moja. Ugumu uko kwenye kuchagua: lini kuingia, lini kunyamaza, kifungu gani kitamfanya mtu aujue wimbo kabla neno la kwanza halijaimbwa. Uamuzi huo ni utunzi, hata kama karatasi za haki miliki haziuiti hivyo.

Kwenye malipo ndiko dhuluma ilipo. Mpigaji wa studio alilipwa ujira wa kikao, akaenda nyumbani. Kwa sheria ya Marekani, redio ya kawaida inapoupiga wimbo humlipa mtunzi na mchapishaji. Haimlipi mwimbaji wala mpiga ala. Sheria ya 1995 ilileta malipo kwa utangazaji wa kidijiti, na fungu la asilimia 2.5 likatengwa kwa wapigaji wasiotajwa mbele. Lakini rekodi za kabla ya Februari 15, 1972 hazikuwa chini ya ulinzi huo wa sheria ya shirikisho, maana yake karibu kila wimbo wa Detroit na Memphis uliotajwa hapa uliachwa nje. Pengo hilo lilizibwa na sheria iliyotiwa saini Oktoba 11, 2018. Eddie Willis alifariki Agosti 20 mwaka huohuo, akiwa na miaka 82.

Majina nayo yalichelewa. Albamu kubwa ya kwanza ya Motown kuwaandika wapigaji wake ni "What's Going On" ya Marvin Gaye, mwaka 1971. Mwaka uliofuata kampuni ikahamia Los Angeles na wengi wa Funk Brothers wakabaki Detroit bila kazi. Ilibidi ingojewe filamu ya 2002, "Standing in the Shadows of Motown", ndipo umma ukawaona nyuso zao, akiwemo Willis akiwa na gitaa lake. Mwaka 2004 wakapewa tuzo ya Grammy ya heshima ya maisha. James Jamerson wa besi na Robert White walikuwa wameshakufa.

Coral yenyewe haikudumu sana sokoni, kwani MCA ilikifunga kiwanda mwaka 1969. Magitaa yaliyokwisha kutengenezwa yakaendelea kuzunguka studioni, na baadaye mafundi wengine wakatengeneza ya kuiga. Pat Metheny alilipiga kwenye "Last Train Home" mwaka 1987. Lenny Kravitz alipotaka kurudisha harufu ya Philadelphia kwenye "It Ain't Over 'til It's Over" mwaka 1991, alijua hawezi kufika bila mlio huo. Mary J. Blige mwaka 1997 alichukua "You Are Everything" yenyewe, akaijengea "Everything" juu yake. Ndiyo maana hata kijana ambaye hajawahi kumsikia Thom Bell anaijua kazi yake.

Reggie Young alifariki Januari 2019, Vincent Bell Oktoba mwaka huo, Thom Bell Desemba 2022, Bobby Eli 2023. Vipindi vya nyimbo za zamani bado vinapiga kazi zao kila mwisho wa juma, kuanzia vituo vya Nairobi na Dar es Salaam hadi redio za mikoani, na mtangazaji humtaja mwimbaji, akaongeza mwaka, akaenda kwenye salamu. Ombi kwa watangazaji hao ni dogo na linatekelezeka wikiendi hii: mkiiweka "Cry Like a Baby", semeni kuwa sitari ni ya Reggie Young, mkiiweka "Band of Gold", mtajeni Dennis Coffey, na zile sekunde za mwanzo za "Signed, Sealed, Delivered" msiziongelee juu, ziacheni zilie, kisha mseme aliyezipiga ni Eddie Willis.